Mechi ya Kumuaga Gudrun Piontek

Daktari Yılmaz aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga, akaitazama, akaishusha, akaiinua tena.

"Bi Piontek, nyonga hii ya kulia haipo. Umefikaje hapa?"

"Kwa baiskeli."

Daktari akavua miwani. "Ya kushoto nzima kabisa, hiyo ina miaka ishirini mbele yake, sijui umeitunza vipi. Lakini hii ya kulia naibadilisha Jumanne, sisubiri hata wiki moja. Unafanya kazi gani?"

"Mchezaji mpira."

Daktari akacheka, kisha akaona kwamba mama huyu wa miaka sitini na saba, mwenye nywele nyeupe fupi na magoti yaliyojaa makovu, hacheki naye.

"Ulikuwa mchezaji," akamsahihisha kwa upole.

"Laiti ningekuwa nilikuwa," alisema Gudrun. "Bado sijaagwa."

Kwetu Brakenfeld mtu haachi mpira kwa kusema tu kwamba ameacha. Anaagwa. Anaandaliwa mechi, bendi ya wachimba makaa inakuja na matarumbeta yake, na anayeagwa hatoki uwanjani mpaka afunge bao. Ndivyo alivyoamuru mzee Alfons Schlüter aliyeasisi klabu, na amri ya marehemu ni mbaya kuliko ya aliye hai, kwa sababu marehemu huwezi kumbembeleza. Kwa wanaume haikuwa taabu. Kipa wa upande wa pili analala chini, anayeagwa anausukuma mpira wavuni, watu wanapiga makofi, jamaa anabebwa mabegani, kisha soseji na bia. Dakika tano zinatosha, kumi kama bwana mwenyewe amekuja amelewa. Makipa ndio hawaagwi kabisa, maana kipa hafungi. Kipa hupewa paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, akalipokelea mlango wa nyuma, mlango wa jikoni, na ahsante sana.

Gudrun Piontek alikuwa beki. Wapo mabeki wanaozuia kwa sababu wameambiwa wazuie, na alikuwepo yeye, aliyezuia kama wengine wanavyopumua. Tangu utotoni, siku zile wakubwa wa mpira wa Ujerumani walipopiga marufuku wanawake kucheza, yeye na rafiki yake Margret Kowollik walijificha nyuma ya kilima cha taka za mgodi, Margret akidaka kati ya ndoo mbili za makaa, Gudrun akisimama mbele yake, na wavulana wa mtaa mzima wakipiga bila kupitisha kitu. Marufuku ilipoondolewa wakahamia uwanjani. Gudrun akavaa jezi ya taifa, namba nne, akazuia Waswidi, akazuia Wanorwe, akazuia kila aliyekuja na miguu miwili. Bao hakufunga hata moja maisha yake yote. Hakuona haja.

Ikaja siku ya kumuaga, mwaka wa tisini na nne. Margret aliwekwa kwenye goli la upinzani makusudi, ili mambo yawe mepesi. Mpira ukamfikia Gudrun, Margret akalala chini kama ilivyo desturi, Gudrun akamzunguka, akausukuma mpira polepole kuelekea goli tupu. Wapiga tarumbeta wakavuta pumzi. Mpira ukabingirika. Na Gudrun, alipouona mpira unaelekea mstari wa goli, akaukimbilia, akateleza kwa tumbo, akautoa nje kwa ncha ya kiatu.

Uwanja mzima ulipiga makofi kabla haujaelewa. Ilikuwa kazi safi mno. Refa, marehemu Bwana Pohl, akaonyesha kona.

Walicheza mpaka giza likaingia, na mwezi wa Juni jua la kwetu halina haraka. Aliuokoa mpira wake mwenyewe mara kumi na nane. Mwisho refa akapuliza kwamba mechi imesimama, itaendelea mwakani, mahali ilipofikia. Na mwakani ikaendelea. Na mwaka uliofuata. Ndugu msomaji, mechi ile ile moja ya kumuaga Gudrun Piontek ilikuwa sasa inaingia mwaka wa thelathini.

Usidhani hawakujaribu. Mwaka mmoja walimfunga kamba kiunoni, ikashikwa na mumewe Willi na wachimba makaa wawili wa miraba minne. Akawaburuta wote watatu mpaka kwenye mstari, na mpira akautoa. Mwaka mwingine walimfunga kitambaa machoni, lakini aliusikia mpira ukikwaruza majani. Ikaja zamu ya bwana mtaalamu wa nafsi kutoka mjini, aliyekaa naye majira mazima ya kuchipua wakizungumzia baba yake. Siku ya mechi Gudrun akapiga, akageuka, akafumba macho, akaanza kuimba kama alivyofundishwa, na huku anaimba akarudi kinyumenyume na kuutoa mpira kwa kisigino. Mtaalamu yule aliomba saini yake, na tangu hapo hajakosa mechi.

Kuna waliosema, jamani, si tuseme tu kwamba kafunga? Mwenyewe alikataa. "Sijafunga," alisema, na neno likaishia hapo.

Kwa kuwa hajaagwa, alikuwa mchezaji halali, na mchezaji halali anafika mazoezini Jumanne na Alhamisi. Asiyefika anafua jezi za timu nzima. Gudrun alizifua mara moja tu, wiki aliyomzika mama yake. Namba nne haikuweza kupewa mtu mwingine. Na mechi yenyewe ilishakuwa kitu cha ajabu hata kwa sisi tuliozaliwa nayo. Refa Pohl alipofariki, mwanawe Ulf alirithi filimbi. Winga mmoja alitoka kwenda kujifungua, na binti aliyezaliwa akaja kuingia badala ya mama yake. Bi Hiltrud, mke wa mwoka mikate, alikuwa na kadi ya njano ya mwaka wa tisini na tisa, na mpaka leo hathubutu kumgusa mtu. Ubao wa mabao una nafasi ya tarakimu mbili tu. Ulishajaa ukarudi sifuri mara kadhaa, na nani anaongoza Mungu ndiye ajuaye.

Aliyeumia zaidi ni Willi. Willi alichimba makaa tangu ujana wake, na wiki moja kabla ya mechi ile ya kwanza alinunua gari kubwa la safari, lenye vitanda viwili na jiko ndani, ili wakishamuaga mkewe waondoke kesho yake wakaone bahari ya kaskazini mwa Norwe. Gari likasimama uani. Baada ya miaka michache njiwa wake wakahamia ndani, na Willi, ambaye hajawahi kumkaripia njiwa wala mke, akawaachia.

Sasa jioni ile ya kutoka kwa daktari, Gudrun alimkuta uani anapangusa dirisha la gari.

"Jumanne nabadilishwa nyonga," akamwambia. "Baada ya hapo hakuna mpira tena. Ni mechi ya Jumamosi hii au nife mchezaji."

Willi aliacha kupangusa. "Mama, unaogopa?"

"Naogopa." Hakuwa mtu wa kusema hivyo. "Nimechoka, Willi. Nataka kulala chini ya kile kisu cha daktari nikiwa bibi kizee kama bibi vizee wengine. Nataka niamke nisiwe na mazoezi."

Willi alimtazama, kisha akapanda garini, akaanza kuwatoa njiwa mmoja mmoja, akimwomba kila mmoja radhi kwa jina.

*

Alhamisi, baada ya mazoezi, Gudrun na Margret walikaa kwenye benchi na vikombe vyao vya kahawa. Margret alikuwa mrefu, mwembamba, mjane wa dereva wa tramu, na glavu zake hakuzivua hata akinywa.

"Jumamosi niachie, Margret."

"Nikuachie nini? Miaka yote hii nalala kwenye majani mabichi mpaka mgongo unataka kuota uyoga. Mimi nimekuachia. Wewe ndiye hujiachii."

"Safari hii siwezi kukimbia. Nyonga imekufa. Nikipiga, nimepiga."

Margret alikoroga kahawa yake, ambayo haikuwa na sukari wala maziwa.

"Halafu?"

"Halafu nakatwa, napona, tunaenda Norwe. Njiwa wameshahamishwa."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi ipi?"

"Alhamisi, Gudrun! Alhamisi ya mazoezi. Nani atanipigia mpira?"

"Si utapumzika, dada? Kwa umri huu wetu."

"Kupumzika nitapumzika kaburini. Mume wangu Rudi ameniwekea nafasi."

Gudrun alicheka, akampigapiga begani, akasimama kwa kushikilia ukuta. Maneno aliyasikia vizuri, lakini akili yake ilikuwa imeshafika Norwe, na aliyefika Norwe hasikii vizuri ya Brakenfeld.

*

Jumamosi saa nane mchana watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye kingo za uwanja. Moshi wa soseji umetanda. Mwenyekiti Norbert Schlüter, mjukuu wa yule mzee mwenye amri, alizunguka na tumbo lake akisalimia kila mtu. Klabu yetu inaishi kwa Jumamosi hiyo moja. Paa la vyumba vya kubadilishia lilitokana na mechi ya Gudrun, jokofu lilitokana na mechi ya Gudrun, na taa kubwa za uwanjani pia, ambazo kwa bahati ya ajabu hazikuwahi kuwaka siku ya mechi ya Gudrun.

"Bi Piontek! Mwaka huu ndio wetu, au sivyo?"

"Norbert, mbona majani ya pale golini marefu hivi?"

"Mashine ya kukatia imeharibika."

"Imeharibika golini tu?"

"Ndipo ilipokuwa imefika," alisema Norbert, akaenda kuonja soseji.

Ulf Pohl aliondoa ndoo iliyofunika mahali mpira uliposimama mwaka jana, akauweka mpira, akatazama saa ya baba yake, akapuliza.

Mambo yalikwenda kama siku zote. Mabinti wa klabu walikimbia huku na huku kwa heshima, wakimpisha Bi Hiltrud na kadi yake. Kule mbele Margret alijilaza mapema kwenye mstari, na mto chini ya kichwa, kwa kuwa siku hizi kulala kwenyewe kunamchukua muda. Gudrun alichechemea katikati ya uwanja. Kila hatua aliisikia mpaka kwenye meno. Mpira ulikuja ukampita, ukaja tena ukampita, mpaka yule binti wa winga alipouleta mwenyewe mpaka miguuni pake na kuuacha hapo, kama mtu anayemwekea bibi yake bakuli la mchuzi.

"Haya Bi Gudrun," akamnong'oneza. "Piga tu."

Gudrun akapiga.

Nyonga ililia mlio uliosikika mpaka kwa wauza bia. Mpira ukaondoka, si kwa kasi, lakini ukaondoka, ukapita kando ya Margret na mto wake, ukaelekea mstarini. Na mwili wa Gudrun ukafanya kile unachofanya siku zote: ukaruka kuufuata. Ila safari hii ulifika hatua moja tu. Mguu wa kulia ukagoma, akaanguka kwa magoti, akaona mikono yake mwenyewe inachimba majani ikitaka kumburuta mbele.

"Kaa hapo hapo, mama!" Willi alipiga kelele toka pembeni, machozi yakimtoka. "Usiguse! Nakuomba, usiguse!"

Mpira uliingia kwenye majani ya Norbert, ukapunguza mwendo. Ukapunguza tena. Kwenye umati wa watu elfu nzima, baba mmoja alimziba mtoto wake macho. Gudrun aliuma midomo mpaka ikatoka damu. Kila mfupa wake, uliokufa na ulio hai, ulikuwa unamwita aende autoe ule mpira. Hakwenda. Mpira ukagusa chaki, ukasita, ukavuka.

Ulf Pohl alichungulia. Alipiga goti, akalala kifudifudi, akapima kwa kidole kati ya mpira na mstari. Akainuka akiwa mweupe usoni.

"Bao," alisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Hakuna aliyeshangilia. Si kwamba watu walichukia, la. Hawakujua. Nusu yao walizaliwa mechi ikiendelea, na hawakuwahi kuona mwisho wake. Walitazamana wakiulizana kama waondoke, na waende wapi. Mkuu wa bendi aliinua mkono. Wimbo wa kuagia walikuwa wameufanyia mazoezi miaka yote hiyo, na sasa, kwa mshtuko, wote waliusahau, wakapiga ule wa siku ya kuzaliwa, kwa kuwa huo unajulikana. Watu wakauimba. Norbert Schlüter alisimama mbele ya soseji zake zilizobaki, akazifunika na kitambaa.

Mabinti walimwinua Gudrun mabegani, taratibu, kwa ajili ya nyonga.

"Tukupeleke wapi, Bi Gudrun?"

"Kwenye goli letu."

Wakampeleka kwenye goli la upande wake, lile alilolilinda maisha yake yote. Wakamkalisha kwenye kiti kando ya nguzo, wakampa kahawa na kipande cha keki ya plamu kwenye sahani. Gudrun akavuta pumzi. Alifurahi, hilo lisemwe wazi. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyeshusha gunia la viazi ghorofa ya nne. Alikula keki huku akiona jinsi uwanja ulivyo mkubwa na wa kijani, jambo ambalo hakuwahi kuwa na nafasi ya kuliona. Uani kwao, mtaa wa pili, ukasikika mngurumo wa gari, ukakohoa, ukashika. Willi ameshaliwasha!

Basi akatazama ng'ambo, kwenye goli la pili, na hapo akamwona Margret.

Margret alikuwa ameinuka, amesimama katikati ya nguzo zake. Wote walikuwa wanaondoka, viti vinakunjwa, bendi inafuta mate kwenye tarumbeta, na yeye amesimama, magoti amekunja kidogo, glavu mbele, macho kwenye mpira ulio nyuma yake wavuni kana kwamba utarudi. Norbert alimwendea na kitu kikubwa kilichofungwa kwenye karatasi.

"Bi Kowollik," alisema, na uwanja ulivyokuwa kimya kila mtu alisikia, "klabu inakushukuru."

Margret akafunua karatasi. Paja la nguruwe.

"Hili nilipewa mwaka wa tisini na nne," alisema. "Nikampa mbwa."

"Hilo ni jipya, Bi Kowollik. Na wewe sasa umemaliza. Vua glavu, mama, twende jikoni ukapate supu."

"Sijaagwa."

"Kipa haagwi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kipa hafungi bao."

"Nani kakwambia?"

Margret akamrudishia paja mikononi. Aliutoa mpira wavuni, akauweka chini mbele ya miguu yake. Kisha, akiwa na glavu zake, na miaka sitini na minane, na mgongo ule wa uyoga, akaanza kuja.

Aliyefunua soseji alikuwa Norbert mwenyewe.

Margret alikuja bila haraka. Hakujua kukimbia na mpira. Hakuna aliyemfundisha kuutaka mpira kwa miguu. Aliupiga kidogo, akaufuata, akaupiga tena. Ulf Pohl hakujua la kufanya, akatazama saa ya baba yake, akaweka filimbi mdomoni, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia vinginevyo, akapuliza kwamba mchezo unaendelea. Mabinti wakampisha njia. Bi Hiltrud akakunja mikono nyuma asije akamgusa. Waliokuwa wamefika getini wakarudi. Kipa wa goli la Gudrun, msichana mwenye adabu, akalala chini.

Gudrun alishika sahani yake ya keki akiwa ametulia kwenye kiti. Yeye ni bibi kizee sasa. Hayamhusu.

Margret alifika karibu, na Gudrun akaona uso wake. Aliujua uso ule tangu kwenye ndoo za makaa. Aliuona ulivyokuwa siku walipochukua ubingwa, na siku ya maziko ya Rudi, na hakuwahi kuuona hivi. Margret alikuwa anaogopa. Alikuwa anakuja kufunga bao kama mtu anayekwenda kufunga mlango wa nyumba yake mwenyewe kwa nje. Na Gudrun, kwa aibu iliyompanda mpaka masikioni, ndipo aliposikia yale aliyoambiwa Alhamisi. Nani atanipigia mpira?

"Niangalie, Gudrun!" Margret alipaza sauti. "Nakwenda na mimi!"

Akapiga. Kwa kidole gumba cha mguu, upande upande, vibaya kabisa. Mpira ukaja ukirukaruka, ukamruka yule msichana aliyelala, ukaelekea mstarini karibu na nguzo. Hakukuwa na mtu.

Mguu wa kushoto wa Gudrun Piontek ulitoka chini ya kiti. Yeye mwenyewe hakuinuka, na kahawa haikumwagika, na kipande cha keki kilibaki kwenye sahani pale pale kilipokuwa. Ncha ya kiatu ikaukuta mpira juu ya mstari kabisa, ikaupeleka nje.

Kisha ukapanda ukelele ambao haukupanda wakati wa bao, ukelele wa watu elfu moja waliorudishiwa nyumba yao. Kofia ziliruka. Bendi ikaukumbuka ule wimbo wa kuaga, ikaupiga wote, mpaka ubeti wa tatu, na hakuna aliyesikiliza. Norbert Schlüter alimkumbatia mtaalamu wa nafsi, wote wawili wakalia.

"Refa!" Margret alipiga kelele. "Huyu si mchezaji! Huyu kaagwa! Kaagwa saa hii hii!"

Ulf Pohl alimtazama Gudrun, akamtazama Margret. Mama wale wawili aliwajua tangu alipokuwa akibebwa. Akatazama juu, kwenye jua la saa kumi la mwezi wa Juni, lililokuwa linawaka kwa nguvu zake zote.

"Giza limeingia," alitangaza. "Tutaendelea mwakani. Inaanza kwa kona."

Na mtunza uwanja akaja mbio na ndoo.

Margret alimwendea Gudrun pale kwenye kiti. Alitaka kugomba, alikuwa ameshainua kidole cha glavu. Badala yake akajikalia kwenye majani, mgongo kwenye nguzo, akaziba uso kwa zile glavu kubwa na mabega yakaanza kutikisika, na kwa muda Gudrun hakujua kama analia au anacheka.

"Mshenzi we," ilisikika sauti toka ndani ya glavu. "Mshenzi mkubwa. Ningefunga."

"Ungefunga."

"Ungeniacha, ningekwisha leo."

"Najua."

Gudrun akampa ile keki iliyobaki. Margret alivua glavu moja ili aishike, na mkono wake ulikuwa mweupe na umekunjamana, mkono ambao Gudrun hakuwa ameuona mchana kwa miaka mingi. Nje ya geti gari la Willi lilikuwa limefika, linapiga honi, na njiwa wawili waliokataa kuhama wamekaa juu ya paa.

"Nenda," alisema Margret. "Mumeo anakuita. Nenda Norwe."

"Naenda Jumanne kukatwa, nikipona naenda Norwe. Kisha Juni narudi."

"Umesharuhusiwa, Gudrun. Huna lazima tena."

"Sina."

Margret alitafuna, akameza, akajipangusa kidevu.

"Na hivyo utanizuia mpaka lini, mwenzangu?"

Gudrun alinyoosha mguu wake wa kushoto kwenye jua, akaugeuza huku, akaugeuza huku, akiukagua kama kitu kipya.

"Daktari kasema," alijibu, "huu una miaka ishirini."